Kugawa Mzigo wa Sizya

Safari tatu zilikuwa zimekwisha na mzigo haujasogea hata hatua mbili. Ilibaki ya nne. Hatua nane mbele ya Kalunde ulichorwa mstari wa kambi inayofuata, na nyuma yake watu elfu thelathini wa Kwihara walikuwa wamenyamaza kiasi kwamba ungeweza kumsikia mtu wa jukwaa la juu kabisa akitafuna karanga na kujuta kwamba ilikuwa imeoza.

"Shemeji," Maganga alisema. Alikuwa ameinama mbele yake, kichwa kikining'inia katikati ya miguu, mzigo mikononi, na mgongo wake ungetosha kuanikia muhogo wa ukoo mzima. "Hawa Urambo leo wamekula nini?"

"Wametula sisi. Tulia."

"Mimi nimetulia. Kinachotetemeka ni ardhi."

Kalunde akakaza ukanda wa mzinga chini ya kidevu, na mivumo ikamjia.

Mzinga ni kofia. Aliibuni mrina asali mmoja wa Sikonge, aliyejifunza umeme kwa kupigwa shoti, baada ya kujiuliza miaka na miaka nyuki elfu sitini wanajuanaje gizani bila kuulizana. Ndani yake kuna nyuzi laini kama za buibui zinazogusa ngozi ya kichwa, na ukiivaa unawasikia wenzako kumi. Huwasikii kwa masikio wala kwa maneno. Unajua tu walipo, kama unavyojua mkono wako ulipo ukiwa umefumba macho.

Maganga alivuma kama jiwe la kusagia. Wale mapacha wa pembeni walivuma kama cherehani mbili zinazoshindana. Kalunde akahesabu. Mwezi uliopita, kila alipohesabu alipata kumi na moja, mmoja zaidi ya wenzake waliokuwapo uwanjani. Leo alipata kumi. Hakutaka kujiuliza ni upi uliopungua, maana ule wa kushoto, nyuma kidogo ya bega lake, ulikuwapo: mwembamba, wa haraka, kama mtu anayepiga mluzi huku ameuma meno. Ulikuwa mvumo wa Sizya. Sizya mumewe, aliyekimbia misimu tisa na hakuna aliyewahi kumwangusha mara mbili katika siku moja, na ambaye miezi saba iliyopita alipanda juu ya paa kuziba bati linalovuja, akateleza.

Aliyesimama pale kushoto kwa nyama na mifupa aliitwa Luhende, mchemsha chumvi kutoka Uvinza, mrithi wa kiti cha marehemu.

"Utapita kulia," Kalunde alikuwa amemwambia kwenye kikao, wote wamekumbatiana mabega. "Kulia, nyuma ya Maganga. Umesikia?"

"Kulia, dada," Luhende alijibu.

Mchezo huu waliuleta watu wa Salemu, wale wauza merikani kutoka ng'ambo ya bahari, walipopanda na marobota yao ya nguo mpaka Tabora, wakasahau kurudi, kwa kuwa hakuna aliyewafukuza na asali ilikuwa tamu. Kwao ulichezwa juu ya uwanja wenye mistari kama wavu wa kuchomea nyama. Wapagazi wa Unyanyembe walipouona kwa mara ya kwanza walicheka mpaka wakakaa chini. Watu wazima kumi na moja wanabeba kitu kimoja, tena kidogo, na bado hakifiki! Wakauchukua, wakaunyoosha. Hatua kumi zikawa kambi. Timu ikapewa safari nne za kufika kambi inayofuata, na isipofika inanyang'anywa mzigo. Wanaokuvizia wakaitwa rugaruga. Anayeongoza akaitwa kirangozi, kama yule aliyetangulia mbele ya misafara. Na mwisho wa uwanja, pale mzigo unapotuliwa, pakaitwa Pwani, katika dola lisilo na hata ukucha wa pwani, ambako watu tisa katika kumi bahari wameiona kwenye stempu tu. Wanawake walicheza tangu siku ya kwanza. Bibi zao walibeba pembe kutoka Ujiji, na hakuna aliyekuwa na uso wa kuwaambia kitambaa kilichofungwa kama kiazi kitawashinda.

Kutupa mzigo mbele kulikatazwa miaka arobaini. Mpagazi anayetupa mzigo ni mpagazi gani? Hatimaye wazee wa ligi walikubali, kwa sharti moja, kwamba anayetaka kutupa aombe radhi kwanza, kwa sauti ya kusikika mpaka jukwaani. Je, akiomba radhi halafu asitupe? Hilo kanuni haikulizungumzia, na hapo ndipo uhuni wote wa mchezo ulipozaliwa.

"Samahani!" Kalunde akapiga kelele.

Maganga akampa mzigo. Kalunde akarudi nyuma hatua tatu, mkono juu, na rugaruga wa Urambo wakakimbilia nyuma kuuzuia utupaji. Akashusha mkono. Akageuka kulia, pale alipomwagiza Luhende apite.

Mkono wake ukaenda kushoto. Haukumuuliza. Uliunyoosha mzigo kwenye hewa tupu, kama ulivyounyoosha misimu tisa, na hewa ile ikajaa mtu. Luhende aliupokea kwa mkono wa kulia, akaukumbatia kwapani, akaruka kile kiruko kidogo cha mtu anayekwepa dimbwi, akapita katikati ya wawili, akamzunguka wa tatu, na wa nne akabaki ameshika upepo.

"Kafika! Kafika Pwani!" Uwanja ulilipuka. Kuna mzee mmoja wa Itetemia anaapa kwamba siku ile kuku wake, maili mbili kutoka hapo, alitaga mayai mawili kwa pamoja.

Luhende alirudi akikimbia taratibu. Alipomfikia Kalunde, aligusa mzinga wake kwa vidole viwili, juu kidogo ya sikio, akapita.

Hakuna aliyemfundisha hivyo. Aliyekuwa akifanya hivyo alikuwa mtu mmoja tu. Kalunde alijua kwamba alipaswa kuogopa. Alifurahi, na furaha hiyo ndiyo aliyokuja kuionea aibu baadaye.

*

Jumatatu mchana mwanamke alibisha hodi kwa Kalunde, mtoto mgongoni.

"Karibu, mdogo wangu. Kaa."

"Ahsante, dada. Sikai," Milembe alisema, akakaa. Alikuwa mke wa Luhende. Kalunde alimjua kwa sura, kutoka jukwaa la familia. Milembe alimshusha mtoto, akamweka mapajani, akamfuta mate kwa ncha ya kanga, kisha akakosa pengine pa kutazama.

"Mume wangu anakula kwa mkono wa kulia," akasema.

Kalunde alicheka. "Wengi tu."

"Yeye ni wa kushoto. Siku tuliyooana alinilisha kwa mkono wa kushoto mbele ya wakwe, mama yake akajifunika uso. Alichapwa shuleni, alichapwa nyumbani, hakubadilika. Sasa anakula kwa kulia."

"Watu hubadilika, Milembe."

"Mtu hubadili dini. Hubadili timu, Mungu amsamehe. Mkono, dada?" Alishusha sauti. "Anapanda kitandani upande wangu. Anapiga mluzi wimbo ambao Uvinza haupo. Na huyu," akamwonyesha mtoto, "anampisha. Nyumbani kwake mwenyewe, mtoto wake anatambaa, yeye anasogea pembeni kumpisha, kama mgeni wa heshima."

"Amechoka. Msimu ni mrefu."

"Jana kaniita Kalu."

Kibandani kuku alikuwa akiparua. Kalunde alisikia kila ukucha.

Jina lile lilikuwa na mtu mmoja tu aliyelitumia. Mama yake hakulitumia. Maganga hakulijua. Kalunde alitaka kusema pole. Alitaka kusema amekosea ulimi tu. Kinywa chake kikatoa kitu kingine.

"Aliliitaje?"

"Nini?"

"Alilivuta mwishoni? Kaluu? Au alilikata?"

Milembe alimtazama kama unavyomtazama mtu uliyekuja kumwazima ndoo, ukakuta anaogea humo humo. Kisha akasimama, akamrudisha mtoto mgongoni, akafunga fundo la kanga kwa nguvu.

"Nilikuja nikidhani hujui," alisema. "Shikamoo, dada. Nimekwenda."

*

"Siku ya kugawa," Fundi Nyamizi aliuliza, "uliwasha mzinga wako?"

Karakana yake ilikuwa chini ya jukwaa la mashariki. Mizinga ilining'inia darini kwa nyaya, midomo wazi, na mwenyewe alikaa katikati yake juu ya kreti la soda, miwani mbili puani, moja juu ya nyingine, kwa kuwa kila moja peke yake ilikuwa imechoka.

Kalunde aliinua macho darini.

"Nakuuliza kwa kuwa fomu niliisaini mimi. Niliandika mzinga mtupu. Sikuuangalia. Nani angemkagua mjane?"

Msafara ulipofiwa na mpagazi, mzigo wake ulifunguliwa palepale njiani, ukagawanywa kwa waliobaki, ndipo safari ikaendelea. Mchezo uliurithi utaratibu huo, na mizinga ilipokuja, utaratibu ukapata kazi ya kweli. Mvumo wa mtu aliyekaa kitini miaka mingi hauondoki naye. Unabaki kwenye nyuzi, unazunguka, unamtafuta mwenyewe. Kwa hiyo wenzake kumi wanasimama mstari mmoja, wanavaa, na kirangozi anaanza: anapiga hatua na mzigo, anavuta fungu lake, anampa anayefuata. Wakimaliza, kiti kimekuwa kitupu na kila mmoja ameondoka na kidogo.

"Nilikizima," Kalunde alisema. "Kile kibonyezo cha ndani. Nikapiga hatua, nikampa Maganga mzigo, naye akampa mwingine."

"Na mvumo haukutoka."

"Haukutoka."

"Masikini. Wale watu walilia machozi juu ya kitambaa kitupu. Maganga alilia mpaka akapoteza jino."

"Lilikuwa la bandia."

"Hata hivyo."

Fundi alivua miwani ya juu, akaifuta kwa sketi, akairudisha ikiwa chafu zaidi. "Mwezi uliopita ulisikia kumi na moja. Sasa unasikia kumi. Nikueleze?"

"Najua."

"Nitakueleza hata kama unajua, nilisoma kwa taabu. Nyuki wakipewa malkia wa pili hawapigi kura. Mmoja anauawa, na anayekufa si lazima awe mgeni. Kile kiti kina nyuzi zilizomjua Sizya miaka tisa na Luhende miezi saba. Kila Luhende anapovaa, zinamrekebisha. Zinadhani amekosea. Mkono huu, siyo ule. Mluzi huu. Mke huyu."

"Amebaki kiasi gani?"

"Kama maji ya mwisho kwenye mtungi. Jumamosi ni fainali, na Urambo hao hao. Akivaa Jumamosi saa mbili nzima..." Hakumaliza. "Na hata mkigawa, siwezi kugawa kiti chenye mtu bila mtu huyo kuridhia kwa kinywa chake. Hiyo ndiyo kanuni, na kwa mara moja kanuni ina akili."

Kalunde alinyoosha mkono akaugusa mzinga wa kushoto uliokuwa ukining'inia, ule wa kiti. Ulikuwa wa baridi.

"Fundi. Tukigawa, mimi nitapata fungu gani?"

"Hakuna anayechagua. Pengine rangi ya viatu. Pengine njia ya kwenda sokoni."

"Lakini mimi ni mke wake. Nikianza mimi, nikivuta kwa nguvu..."

"Kalunde, mwanangu. Hii si nyama ya Idi, useme mimi nipewe paja."

*

Alimkuta Luhende uwanjani asubuhi iliyofuata, peke yake, akikimbia kambi kwa kambi na mzigo kwapani. Kwapa la kulia. Alipomwona alipunguza mwendo, akaja akitabasamu.

"Milembe alikuja kwako," akasema.

"Alikuja. Luhende, kuna jambo nililifanya ambalo lazima nikuambie."

"Najua lipo. Najua kuna mtu humu." Alijigonga kichwani kwa kifundo cha kidole. "Sikuambiwa na mtu. Niliamka tu siku moja nikajua mabati ya Kwihara yanateleza yakilowa."

Kalunde akarudi nyuma hatua moja.

"Dada, nisikilize. Mimi bila huyu ni mchemsha chumvi. Baba yangu alikufa anakoroga chumvi, babu yangu alikufa anakoroga chumvi. Nilikuja hapa nikakaa benchi misimu miwili, watu wa nyumbani wananiita Mtunza Maji. Sasa nikipita sokoni Tabora watoto wananikimbilia. Mwache aniendeshe. Nimeridhia mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Luhende alicheka. Kicheko kilianzia puani, pumzi fupi kama ya mtu anayezima mshumaa, kisha kikashuka kifuani na kukaa huko. Kalunde alikuwa amelala miezi saba akijaribu kukikumbuka kicheko kile. Kila siku kilikuwa kikipungua kidogo, kama sabuni, na kila siku aliogopa kukitumia. Sasa kilikuwa mbele yake, kizima, kwenye mchana mweupe, kwenye uso wa mume wa mtu.

"Kalu," uso ule ukasema. Hakulivuta. Alilikata, kama zamani. "Usihangaike."

Akafumba macho. Hakuna aliyekuwa akitazama. Alijiruhusu kusimama hapo akiwa amefumba macho, na upande wake wa kushoto ulikuwa na joto. Jasho lilinuka kama jasho lake. Angeweza kunyamaza, basi. Hakuhitajika kusema uongo wowote, wala kumdhuru yeyote kwa mkono wake. Ilitosha anyamaze mpaka Jumamosi, na Jumamosi jioni mtu angetoka kwenye lango la wachezaji, akapita njia ya nyuma ya kituo cha reli, akafika nyumbani kwake na kuuliza kuna nini cha kula. Angekuwa na mikono migeni. Mikono huzoeleka.

Kisha akaona kanga ya Milembe ikifungwa fundo.

Akafumbua macho. "Binti yako anaitwa nani?"

"Nini?"

"Binti yako. Nitajie jina lake, nami nitaamini kwamba aliyeridhia ni Luhende. Nitanyamaza."

"Swali gani hilo!" Alicheka tena. "Anaitwa..."

Akakaa na mdomo wazi.

"Anaitwa," akasema. Tabasamu lilikuwa bado usoni, limesahauliwa hapo. Akautazama mkono wake wa kulia, kama vile aliandika humo. Kisha wa kushoto, uliokuwa umelegea ubavuni kwa majuma mangapi sijui, ukaanza kuinuka wenyewe. Ulipanda mpaka usawa wa goti, ukasimama hapo, kiganja chini, ukipima kimo cha mtoto anayejaribu kusimama kwa kushika kiti.

"Ana meno mawili," Luhende alisema. Sauti ilikuwa nyingine kabisa, ya mtu wa Uvinza, nzito, ya aibu. "Ya chini. Ana meno mawili, dada, na mimi... mimi ndiye niliyemchagulia jina. Nilibishana na mama mkwe wiki nzima."

Alikaa chini kwenye nyasi na kuanza kulia, na mkono ule wa kushoto haukushuka.

"Gawa," akasema. "Mkagawe leo, kabla sijabadili mawazo. Au kabla hajayabadili yeye."

*

Waligawa mchana huohuo, uwanja ukiwa mtupu, viti elfu thelathini vikiwaangalia. Luhende alikaa kwenye kreti la Fundi Nyamizi, amevaa mzinga wa kushoto, amemshika Milembe mkono. Wengine tisa walijipanga nyuma ya Kalunde, Maganga akiwa wa mwisho kwa kuwa akiwa wa kwanza hakuna anayeona mbele.

Kabla ya kuvaa, Kalunde aliwageukia. "Mara ya kwanza niliwadanganya," alisema. "Nilizima."

Kisha pacha mmoja akasema, "Tulidhani ni sisi. Tulidhani tumekosa kitu kwa sababu hatukumpenda vya kutosha." Pacha mwenzake akamkanyaga mguu.

Kalunde akavaa. Akauwasha mzinga.

Sizya alikuja mzima. Hiyo haikuelezwa na kanuni yoyote, na Fundi baadaye alisema haiwezekani, ndivyo mafundi husema. Kwa muda wa pumzi moja alikuwa hapo, na paa lake na mvua yake na viatu vyake asivyovifunga vizuri, yote kwa pamoja, kama chumba kinapowashwa taa. Hakusema lolote. Mvumo hauongei. Lakini Kalunde alijua alipo, bila kuuliza, kama unavyojua mkono wako ulipo.

Alitaka kubaki. Alitaka kubaki mpaka meno yakamuuma. Mguu wake ukapiga hatua, akavuta fungu lake, na akampa pacha wa kwanza mzigo.

Ulikwenda mkono kwa mkono. Kila mmoja alipopiga hatua uso ulibadilika kidogo: mmoja alicheka bila sababu, mmoja alishika goti, mmoja alinusa hewa akauliza nani anachoma mahindi. Upande wa kushoto wa Kalunde ulikuwa ukipungua. Alisikia kila fungu likitoka. Maganga alipopokea la mwisho hakucheka wala hakunusa. Alimtazama Kalunde, akatazama chini haraka, masikio yake yakawa kama pilipili, akaondoka uwanjani bila kuvua mzinga, akagonga nguzo.

Halafu kushoto kukawa na mvumo mmoja tu, mnene, wa taratibu, kama sufuria kubwa ya chumvi inayochemka.

"Nyanzobe!" Luhende alikuwa akipiga kelele. "Anaitwa Nyanzobe! Nyanzobe binti Luhende!"

"Tumesikia, baba," Milembe alisema, akilia. "Tabora yote imesikia."

*

Jumamosi Urambo waliwapiga mizigo minne kwa mmoja. Luhende aliangushwa mara tisa, nane kati ya hizo akiwa ameubeba mzigo kwa mkono wa kushoto, na mara ya tisa aliangushwa na Maganga kwa bahati mbaya. Watu wa jukwaani walisema wachezaji wamelogwa. Wengine walisema wamehongwa, ila hawakukubaliana na nani. Mzee wa Itetemia alisema kuku wake amegoma.

Kalunde alikaa kwenye benchi baada ya watu kuondoka, jua likiwa bado juu ya jukwaa la magharibi. Mfukoni alikuwa na michembe iliyofungwa kwenye gazeti. Hilo ndilo fungu lake. Miaka tisa alimsema Sizya kwa kutafuna viazi vikavu kitandani, akaokota chembe zake kwenye shuka, na sasa tangu Jumatano hakuna alichokitamani duniani ila michembe na karanga, saa zote, mpaka akiota. Alikuwa ameomba kicheko. Akapewa njaa ya mwenzake.

Alivuta kipande akatafuna. Kilikuwa kitamu mno. Ikamkasirisha.

Benchi likalalamika. Maganga alikuwa ameketi upande wa pili, mbali, kama mtu aliyeambiwa benchi lina ugonjwa. Tangu siku ya kugawa alikuwa akimkwepa. Kwenye kikao alimkumbatia bega akiangalia mawingu.

"Shemeji," akasema.

"Umeniangushia mpagazi wangu."

"Alinipitia." Akakuna shingo. "Shemeji, ni kuhusu fungu langu. Sikuliomba. Nataka ujue hivyo kwanza."

Kalunde aliacha kutafuna.

"Nilipata wewe," Maganga alisema. "Unashuka kwenye treni pale stesheni. Kiatu kimoja kimekatika, umekishika mkononi, na unamgombeza kondakta. Mimi siku hiyo sikuwepo, sikuwa hata nawajua. Lakini naiona. Nikifumba macho tu, hiyo. Na moyo..." Alijigusa kifua kikubwa kwa woga, kama kuna mtu amelala humo. "Nina mke, shemeji. Nina watoto wanne. Sijui nifanye nini na kitu hiki."

"Usiniambie."

"Basi. Sisemi."

"Ni chako. Kimegawanywa."

"Sisemi, nimekwisha."

Watunza uwanja walikuwa wakichora upya mistari ya kambi kwa chokaa, mmoja baada ya mwingine, kuelekea Pwani. Kalunde alimsogezea gazeti. Maganga akachukua kipande, akakiangalia bila hamu, akakitia mdomoni kwa adabu.

"Nilikuwa nimevaa nini?" Kalunde akauliza.

Maganga alifumba macho. Uso wake mpana ukatulia, na kitu fulani kikapita juu yake ambacho Kalunde alilazimika kugeuka asikitazame.

"Gauni la njano," alisema. "La njano kabisa, linapepea. Watu wote wengine pale stesheni wamefifia."

Siku ile Kalunde alivaa kijani. Ana hakika, gauni lenyewe limo sandukuni hadi leo, kijani kama mchicha. Alifungua mdomo amsahihishe, kisha akaufunga.

"Endelea," akasema.